Askofu Josiah Kibira: Kanisa Lililopokea Limeitwa Kutoa

Miongoni mwa watumishi ambao Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) linawakumbuka kwa shukrani, marehemu Askofu Josiah Mutabuzi Kibira ana nafasi ya pekee. Hakutoka Singida, wala utumishi wake haukuwa katika Dayosisi ya Kati. Hata hivyo, swali lililomsumbua maisha yake yote ni swali la kila usharika unaotimiza miaka mia moja: Kanisa lililozaliwa kwa kazi ya wengine, lenyewe liko kwa ajili ya nini?

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 katika kijiji cha Kashenye, Bukoba. Kanisa alilokulia lilikuwa limekwisha kuujua uyatima. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika huko mwaka 1910, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa. Walirejea baadaye, na Vita Kuu ya Pili ikawaondoa tena. Nyakati zote mbili walimu na wainjilisti Waafrika ndio walioendelea kuwakusanya Wakristo na kuwafundisha. Wazee wa Singida waliijua hali hiyo, kwa maana wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Iramba nao waliondolewa na vita, kabla ya wenzao wa Augustana kutoka Marekani kushika kazi hiyo.

Mwaka 1947, akiwa kijana, Kibira aliguswa na Uamsho uliokuwa umeenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda. Uamsho huo uliwaleta wengi kwenye toba, lakini pia ulileta mafarakano, maana baadhi ya waliookoka waliliona Kanisa kuwa limekufa. Kibira hakujitenga. Aliushika wokovu alioupata, akabaki ndani ya Kanisa lile lile, akiamini kwamba mgonjwa hutibiwa nyumbani mwake wala hatupwi nje.

Alisoma theolojia huko Betheli, Ujerumani, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, na baadaye akasoma katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1974, alichunguza uhusiano wa Kanisa na ukoo katika Buhaya. Mwezi Desemba 1964, akiwa na miaka 39, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, akimrithi Askofu Bengt Sundkler wa Sweden. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadili mwelekeo wa nchi, na baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za makanisa ziliwekwa chini ya Serikali. Wako waliodhani kwamba Kanisa, likipungukiwa shule na wamisionari, limepungukiwa na sababu ya kuwapo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na vita ikaingia katika dayosisi yake.

Kabla ya vita hiyo, mwezi Juni 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza katika ardhi ya Afrika, likamchagua Kibira kuwa Rais wake. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameshika nafasi hiyo kabla yake. Alifundisha kwamba hakuna Kanisa tajiri kiasi cha kutohitaji kupokea, wala maskini kiasi cha kukosa cha kutoa. Kwa mafundisho hayo aliyekuwa akiitwa shamba la misheni aliitwa naye kuwa mtenda kazi.

Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa ungamo lenyewe la imani. Tamko hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1984 huko Budapest, mwishoni mwa kipindi cha Kibira, uanachama wa makanisa mawili ya weupe ya Kusini mwa Afrika ulisimamishwa. Uamuzi huo uliwaumiza wengi, maana waliohusika walikuwa ndugu wa ungamo moja. Lakini umoja usiogusa meza ya Bwana ungekuwa umoja wa jina tu.

Ugonjwa wa Parkinson ulimdhoofisha katika miaka yake ya mwisho, naye aliyezoea kuhudumia wengine akajifunza kuhudumiwa. Alistaafu uaskofu mwaka 1984, akalala katika Bwana mwezi Julai 1988.

Maisha yake yanaacha neno kwa Usharika wa Mandewa na kwa wageni wake wote. Miaka mia moja ya kupokea neema ni deni. Injili iliyovuka bahari na nyika hadi kufika Singida haikukusudiwa kukomea Singida. Usharika utakaouliza ni nani atakayeletewa Injili kwa mikono yake utakuwa umeupata tena wito wake, hata kama kesho haijulikani. Utukufu ni wa Mungu peke yake.