John Scopes: Mwalimu aliyeshtakiwa kwa somo la mageuzi

Jina la John Scopes likitajwa Marekani, wengi wanakumbuka kesi kuliko mtu. Kumbe mshtakiwa alikuwa kijana wa miaka 24 tu, na wala hakuwa mwalimu wa biolojia.

Alizaliwa mwaka 1900 Paducah, jimbo la Kentucky. Mwaka 1924 akapata kazi ya ualimu kwenye sekondari ya Dayton, mji mdogo wa Tennessee. Alifundisha hesabu na sayansi, huku akiinoa timu ya shule.

Machi 1925, Tennessee ikapiga marufuku shule za umma kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Watetezi wa haki za raia wakatangaza kumsimamia mwalimu atakayekubali kushtakiwa, ili sheria hiyo ipimwe kortini. Wakubwa wa Dayton wakaona hapo kuna dili: kesi ingeujaza mji wao wageni. Wakamwita Scopes.

Akakubali, ingawa hakuwa na uhakika kama aliwahi kulifundisha somo lenyewe. Alikuwa amemshikia tu mwenzake aliyeugua. Na kitabu chenye mada hiyo kilikuwa kimeidhinishwa na jimbo lilelile!

Julai, wakili maarufu Clarence Darrow alimtetea. Upande wa mashtaka alisimama William Jennings Bryan, aliyewania urais mara 3. Kesi ikarushwa redioni, ikawa gumzo nchi nzima. Scopes mwenyewe hakutoa ushahidi. Jopo la raia lilimtia hatiani kwa dakika 9 hivi, faini dola 100. Siku 5 baadaye, Bryan akafariki papo hapo Dayton.

Mwaka 1927 mahakama ya juu ya jimbo ikafuta hukumu, kisa faini ilipangwa na jaji badala ya jopo. Sheria yenyewe ikadumu hadi 1967.

Scopes hakurudi darasani Dayton. Alisomea jiolojia Chicago, akafanya kazi kwenye mafuta Venezuela, na akafariki mwaka 1970.

Mjadala haukuzikwa naye. Mwaka 2005, huko Pennsylvania, walimu wa sayansi waligoma kuwasomea wanafunzi tamko lililotaja hoja kwamba uhai una mbunifu mwenye akili. Safari hii iliyoshtakiwa ni bodi ya shule za wilaya, na jaji akaamua hoja hiyo si sayansi.