Mkono Uliojeruhiwa Uliendelea Kuchora

Ukipita leo Kanyenye, hapa Tabora mjini, unatembea karibu na njia ya kale ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa walipitishwa huku kuelekea pwani. Januari 1861 alifika mji huu, wageni wakiuita Kaze, Mskoti aitwaye James Augustus Grant. Shuleni tulimsoma kama mwenzake Speke katika kutafuta chanzo cha Nile. Leo mtazame kama mgonjwa aliyechora.

Alizaliwa mwaka 1827 huko Nairn, Scotland, mtoto wa mchungaji. Akawa askari India, na mwaka 1857, katika mapigano ya Lucknow, alijeruhiwa mkono wa kulia akapoteza kidole gumba. Mwingine angeona kwamba penseli na brashi zimekwisha kwake. Yeye alikuja Afrika na karatasi na rangi zake, zikibebwa na wapagazi ambao wengi wao hatujui hata majina.

Safari haikumhurumia. Huku Unyamwezi homa zilimlaza mara kwa mara, na baadaye mwaka huohuo msafara wake uliporwa njiani. Alipofika Karagwe mguu ulivimba, ukafanya donda kubwa, asiweze kutembea. Januari 1862 Speke alitangulia Buganda, Grant akabaki kwa Mfalme Rumanika zaidi ya miezi mitatu. Alipoondoka, alibebwa kwenye machela. Tena Julai mwaka huo, Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani, Grant hakuwapo.

Lakini alichora. Alichora nyumba, ngoma, watu kazini, mimea na mandhari ya Karagwe. Michoro yake ndiyo msingi wa picha nyingi katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863, na mingi imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Grant alifariki mwaka 1892.

Ndugu yangu, maumivu humfungia mtu ndani. Anayeugua muda mrefu huishia kuliona donda lake tu. Anayechora hulazimika kutazama nje: jani lina mishipa mingapi, kivuli kinaangukia wapi, jirani anatwangaje. Na kwa yule ambaye uchungu wake hauna maneno, mstari na rangi humsaidia kuutoa kifuani na kuuweka mahali anapoweza kuutazama. Nabii Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, aliagizwa na Mungu auchore mji wa Yerusalemu juu ya tofali. Msiba wa taifa zima uliwekwa kwenye udongo ili watu wauone.

Kwa hiyo, mtoto aliyefiwa akichora kaburi la mama yake kwenye daftari, usimnyang'anye kalamu wala usimgombeze kwamba anaharibu karatasi. Keti naye, mwombe akueleze. Nawe baba, uliyefundishwa kwamba mwanaume halii, chukua karatasi usiku huu. Si lazima picha iwe nzuri. Chora kinachokulemea, kisha ukiweke mbele ya Bwana kama sala. Kuchora hakuchukui nafasi ya daktari, wala ya Kitubio, lakini kunaweza kukufungulia mlango wa kuongea.