SHEIKH UWESI WA BARAWA, MTUNZI WA ELIMU YA BATINI

Leo tuuvuke mpaka twende Barawa, mji wa Waswahili ulioko kusini mwa Somalia. Huko ndiko alikozaliwa Sheikh Uwesi bin Muhammad mwaka 1847.

Uwesi alianza masomo ya dini kwao. Kiu ya elimu haikumwisha, akafunga safari hadi Baghdad, penye kaburi la Sheikh Abdulqadir Jilani aliyefariki mwaka 1166. Huko aliingia tarika ya Kadiria, akapewa idhini ya kuieneza. Tarika ni njia ya masufi. Wao hutafuta elimu ya batini, yaani kumjua Mungu kwa moyo uliosafishwa, sio kwa vitabu peke yake. Ndiyo maana hukaa katika zikiri.

Miaka ya 1880 alirudi Barawa. Alifika pia Unguja, na Sultani Barghash akampokea kwa heshima. Makhalifa wake waliipeleka tarika hadi bara ya Tanganyika.

Sasa, jamani, hapa ndipo penye uhondo. Sheikh alitunga kasida kwa Kiarabu, lugha ya maulamaa. Lakini hakuishia hapo. Alitunga pia kwa Kisomali na kwa Chimini, lahaja ya Kiswahili ya kwao Barawa. Basi hata asiyejua Kiarabu akaweza kuimba na kuelewa anachoimba.

Kalamu hiyo pia ilimponza. Sayyid Muhammad Abdille Hassan, yule aliyepigana na Waingereza, alikuwa wa tarika ya Salihia. Yeye alipinga vikali watu kutaka uombezi wa mawalii waliokufa. Pande mbili zikajibizana kwa mashairi, mwishowe maneno yakawa damu. Mwaka 1909 wafuasi wa Sayyid walimvamia Sheikh kijijini Biolay, wakamuua pamoja na wanafunzi wake. Akazikwa huko huko.

Je, sisi wa Kwale tunajifunza nini? Mwenzetu wa Vanga akisema Chivumba, au wa Funzi akisema Chichifundi, bwenini tunamcheka. Kumbe ile "chi" tunayoicheka ndiyo hiyo hiyo ya Chimini! Sheikh hakuona haya kuitumia kwa jambo alilolithamini kuliko yote, naye alikuwa msomi wa Baghdad. Mimi na wewe tunaona haya ya nini? Mwaka ujao tuletee shairi la lahaja ya kwenu. Mwacha mila ni mtumwa.