Yakov Zeldovich: Kutoka kiputo cha maji hadi hatima ya ulimwengu

Mwanafizikia Yakov Zeldovich, mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa Umoja wa Kisovieti, alifariki dunia mjini Moscow tarehe 2 Desemba 1987, akiwa na umri wa miaka 73. Ameacha jina katika mambo mawili yaliyo mbali mno: silaha za nyuklia na chanzo cha ulimwengu.

Alizaliwa Minsk tarehe 8 Machi 1914. Mwaka 1931, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa kama msaidizi wa maabara katika Taasisi ya Fizikia ya Kemia mjini Leningrad. Hakuwahi kuhitimu chuo kikuu, lakini kufikia mwaka 1939 alikuwa amekwisha kutunukiwa shahada ya udaktari.

Mwaka 1942, taasisi hiyo ikiwa imehamishiwa Kazan kwa sababu ya vita, alichapisha nadharia ya jinsi hali mpya ya maada inavyozaliwa ndani ya ile ya zamani. Maji yanayochemka hayageuki kuwa mvuke yote kwa pamoja. Viputo huchipuka hapa na pale. Kiputo kidogo hubanwa na mvutano wa uso wake, kikatoweka. Kikivuka kipimo fulani, hakirudi nyuma tena: hukua. Zeldovich alionyesha namna ya kukokotoa kasi ya viputo kuvuka kizingiti hicho, na kigezo kimoja cha hesabu hiyo kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Baada ya hapo serikali ilimtwika kazi ya siri. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa nadharia katika utengenezaji wa bomu la atomu, lililojaribiwa Agosti 1949, na la haidrojeni. Alitunukiwa mara tatu nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, mwaka 1949, 1954 na 1956. Heshima hiyo ilikuwa na gharama yake: kwa miaka mingi mtunza siri huyu hakuwa huru kusafiri nchi za Magharibi.

Katika miaka ya 1960 aliiacha kazi ya silaha, akageukia anga. Mwaka 1974, pamoja na Igor Kobzarev na Lev Okun, alichunguza ulimwengu mchanga ulivyopoa. Waliona kwamba, iwapo sehemu mbalimbali zingechagua hali tofauti, kati yake zingebaki kuta zenye nishati kubwa mno, ambazo zingevuruga anga tunayoiona.

Mwaka huohuo Kobzarev na Okun, wakiwa na Mikhail Voloshin, waliandika kuhusu ombwe lisilo imara. Hata mahali patupu, walieleza, panaweza kuwa katika hali ya muda tu, kama maji yaliyopita kiwango cha kuchemka bila kuchemka. Kiputo cha ombwe la kweli kikizaliwa na kuvuka kizingiti, hutanuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Mmarekani Sidney Coleman aliiendeleza hesabu hiyo mwaka 1977.

Je, ombwe letu wenyewe ni la kudumu? Swali hilo halijafungwa. Vipimo vya chembe ya Higgs, iliyogunduliwa mwaka 2012, vinaashiria kwamba huenda si la kudumu. Hata hivyo, hesabu hizohizo zinaonyesha kuwa muda wa kusubiri unaupita kwa mbali mno umri wa ulimwengu, ambao ni takriban miaka bilioni 13.8.