Mary Beard: Mwanamama aliyetaka historia ya wanawake ifundishwe shuleni

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo mwezi Machi, wanafunzi wa shule nyingi nchini Marekani hufundishwa habari za wanawake walioshiriki kulijenga taifa hilo. Majina ya kina Harriet Tubman na Susan B. Anthony husomwa darasani, na watoto huandika insha kuwahusu.

Ni wachache wanaofahamu kwamba miaka mingi kabla ya utaratibu huo kuanza, yupo mwanamama aliyetumia zaidi ya miaka 20 ya maisha yake kuupigania, na akafariki dunia bila kuuona.

Huyo ni Mary Ritter Beard, ambaye hapaswi kuchanganywa na msomi wa Uingereza wa zama hizi mwenye jina kama hilo.

Alizaliwa Agosti 5, 1876, katika mji wa Indianapolis, jimbo la Indiana, akiwa binti wa wakili. Alisoma katika Chuo Kikuu cha DePauw jimboni humo na kuhitimu mwaka 1897, kisha akafundisha lugha ya Kijerumani katika shule ya sekondari.

Chuoni hapo ndipo alipokutana na Charles Beard, kijana aliyependa historia na siasa. Walifunga ndoa mwaka 1900 na kuelekea Uingereza, ambako Charles alikuwa akishiriki kuendesha chuo cha wafanyakazi mjini Oxford.

Baadaye walihamia Manchester, mji wa viwanda. Huko Mary aliyaona kwa macho yake maisha magumu ya wanawake waliofanya kazi viwandani, na akafahamiana na Emmeline Pankhurst, ambaye baadaye aliongoza harakati kali za kudai kura za wanawake nchini humo.

Mwaka 1902 wanandoa hao walirejea Marekani na kujiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Charles aliendelea hadi akawa profesa mashuhuri, lakini Mary aliacha masomo mwaka 1904 bila kupata shahada ya juu, na hakuwahi kuajiriwa na chuo kikuu chochote.

Badala yake aliingia katika harakati. Alisaidia wanawake washona nguo wa New York waliogoma mwaka 1909, akahariri gazeti la wapigania kura, na kuanzia mwaka 1913 alishirikiana na Alice Paul kuishinikiza serikali iwape wanawake haki hiyo. Haki hiyo iliingizwa katika Katiba ya Marekani mwaka 1920.

Wengi waliona kwamba safari imefika mwisho. Kwa Mary, swali kubwa lilikuwa bado: binti aliyepewa kura atajionaje raia kamili, ikiwa vitabu vyote anavyosoma shuleni vinamwonyesha kwamba kila jambo la maana lilifanywa na wanaume?

Alianzia kwenye vitabu

Tayari mwaka 1914, yeye na mumewe walikuwa wametoa kitabu cha uraia kwa ajili ya shule za sekondari. Waliamini kwamba kitabu kinachosomwa na wavulana na wasichana hakina budi kuzungumza na wote wawili, hivyo waliingiza humo masuala ya wanawake, kazi zao na nafasi yao katika jamii.

Mwaka 1921 walitoa kitabu cha historia ya Marekani kwa ajili ya shule, na mwaka 1927 wakachapisha The Rise of American Civilization, kazi kubwa iliyosomwa na watu wengi nje ya vyuo vikuu. Ndani yake mlikuwa na wanawake, familia, kazi na utamaduni, si vita na marais pekee.

Hata hivyo, wahakiki wengi walimsifu Charles peke yake. Jina la Mary lilikuwa juu ya jalada, lakini alitajwa kama msaidizi. Yaliyowapata wanawake wa karne zilizopita yalimpata naye akiwa hai.

Katika miaka ya 1930 aliandika vitabu vyake mwenyewe kuhusu wanawake. Mwaka 1934 aliandaa mwongozo wa masomo wa kurasa zaidi ya 50 kwa ajili ya jumuiya ya wanawake wahitimu wa vyuo vikuu, akionyesha namna somo la wanawake linavyoweza kufundishwa. Hakuna chuo kilichoutumia.

Hifadhi iliyofungwa

Mary alitambua kwamba tatizo lilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Mwalimu hawezi kufundisha kisichokuwemo kitabuni, na mwandishi wa kitabu hawezi kuandika bila nyaraka. Barua, shajara na kumbukumbu za vyama vya wanawake zilikuwa zikiozea darini au kuchomwa moto wenyewe walipofariki.

Mwaka 1935, kutokana na wazo la mpigania amani mzaliwa wa Hungaria, Rosika Schwimmer, Mary alishiriki kuanzisha mjini New York kituo cha kimataifa cha kuhifadhi nyaraka za wanawake. Miongoni mwa waliokiunga mkono alikuwa Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa nchi. Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard, aliongoza juhudi za kukusanya nyaraka za wanawake weusi.

Kituo hicho hakikudumu. Fedha zilikuwa haba, viongozi walitofautiana, na vita vilivyozuka Ulaya viligeuza macho ya watu kwingine. Mwaka 1940 kilifungwa, na nyaraka zikarudishwa kwa wenyewe au kupelekwa kwingineko.

Hakukata tamaa. Mwaka 1941 wahariri wa ensaiklopidia maarufu ya Britannica walimwomba achunguze jinsi ilivyowaeleza wanawake. Yeye na wenzake watatu walifanya kazi hiyo kwa takriban mwaka mmoja na nusu, wakatoa taarifa ya kurasa 42.

Taarifa hiyo ilionyesha mapengo na kupendekeza mada mpya, zikiwamo uokaji wa mikate, ufuaji wa nguo na njaa. Hoja ilikuwa kwamba kazi iliyowalisha na kuwavika watu kwa maelfu ya miaka nayo ni historia. Mapendekezo karibu yote yaliachwa kando.

Mwaka 1946, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alitoa kitabu chake kinachojulikana zaidi, Woman as Force in History. Humo alipinga dhana kwamba wanawake wote, siku zote, walikuwa watu wa kutawaliwa tu, na akaeleza kwamba sheria za kale zilikuwa na njia nyingi zilizowapa mali na mamlaka.

Wanahistoria kadhaa walikikosoa vikali, na baadhi ya lawama zilikuwa na haki. Katika kuonyesha nguvu za wanawake, aliyafanya mateso yao yaonekane madogo kuliko yalivyokuwa.

Charles alifariki mwaka 1948. Mary alifariki Agosti 14, 1958, katika jimbo la Arizona, akiwa na miaka 82. Jambo la kushangaza ni kwamba mama huyu aliyewasihi wengine wasitupe karatasi zao, yeye na mumewe waliteketeza sehemu kubwa ya barua zao binafsi.

Mbegu yaota

Mengi aliyoyaanzisha yalionekana kushindwa alipokuwa hai, lakini hayakupotea. Vyuo vya wanawake vya Smith na Radcliffe, ambavyo yeye alivihimiza na kuvishauri, vilianza kujenga hifadhi zao za nyaraka za wanawake katika miaka ya 1940, na mpaka leo watafiti huzitegemea.

Aidha, kitabu chake cha mwaka 1946 kilimfikia Gerda Lerner, mkimbizi kutoka Austria. Lerner alianza kufundisha historia ya wanawake mjini New York mwaka 1963, na mwaka 1972 akaanzisha shahada ya uzamili ya somo hilo katika Chuo cha Sarah Lawrence. Daima alimtaja Mary kuwa mwalimu wake, ingawa alimfahamu kupitia maandishi.

Mwaka 1978, shule za wilaya ya Sonoma, California, ziliadhimisha wiki ya historia ya wanawake. Rais Jimmy Carter aliitangaza wiki kama hiyo kitaifa mwaka 1980, na mwaka 1987 Bunge la Marekani likaifanya kuwa mwezi mzima wa Machi.

Walimu waliotafuta cha kufundisha katika mwezi huo walikuta vitabu, na waandishi wa vitabu hivyo walikuwa wamekuta nyaraka. Mnyororo ambao Mary Beard alitaka uungwe ulikuwa umeungwa, miaka 29 baada ya kifo chake.