Ali ibn Ridwan: mtoto wa mwoka mikate aliyekuwa mkuu wa matabibu wa Misri



Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani Arua. Amefaulu, alhamdulillah, lakini alama zake hazikufika pale ambapo serikali humlipia mwanafunzi. Kusoma udaktari kwa kujilipia ni miaka mitano ya ada, na baba yetu ni fundi cherehani mwenye watoto sita. Nafasi aliyopata ni ya stashahada ya utabibu, miaka mitatu, ambayo wazazi wakijibana wanaiweza. Akaniuliza: kaka, nikienda huko, si ndiyo nimeshaukosa udaktari? Rafiki zake walikuwa wameshamwambia kwamba atakuwa nusu daktari.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na mambo ya hospitali siyajui. Nilimwomba anipe wiki moja. Wiki hiyo nilirudi kwenye daftari langu la historia ya ustaarabu wa Kiislamu, kwa sababu nilikumbuka jina la mtu ambaye swali la mdogo wangu lilimkuta kabla yetu sote. Mtu huyo ni Abul-Hasan Ali ibn Ridwan wa Misri. Tunapotaja matabibu wa Kiislamu huwa tunakimbilia kwa Ibn Sina na Ar-Razi, naye tunampita. Leo naomba tukae naye kidogo.

Ali alizaliwa Giza, ng'ambo ya mto Nile, mwishoni mwa karne ya 10, wakati Misri ikitawaliwa na Mafatimi. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Hakukuwa na tabibu katika ukoo wao, wala mali, wala mkubwa wa serikali wa kumshika mkono. Habari zake nyingi tunazijua kwa sababu aliandika mwenyewe maisha yake alipokaribia miaka 60, na sehemu ya maandishi hayo ikahifadhiwa na Ibn Abi Usaybi'a, mwanahistoria wa matabibu aliyeishi Sham katika karne ya 13.

Alianza kusoma akiwa na miaka sita. Alipofika kumi akahamia mjini, kwenye Fustat na Cairo, ili aendelee na elimu. Alipofika kumi na nne akaanza kusoma utabibu na falsafa. Hapo ndipo alipokutana na ukuta ambao wengi wetu tunaujua: hakuwa na fedha ya kumlipa mwalimu. Utabibu wakati ule ulisomwa kwa kukaa na bingwa, kumsomea vitabu na kumfuata kwa wagonjwa wake, na wengi wa mabingwa hao walirithishana fani baba kwa mwana. Mtoto wa mwoka mikate angeingilia wapi?

Akatafuta njia nyingine. Alifanya kazi na kusoma kwa pamoja. Mara alifundisha, mara alitibu watu kwa kiasi cha alichokijua, na mara alikaa njiani akiwatazamia watu nyota kwa malipo. Kwa mapato hayo akaishi na kuendelea na vitabu vya Hippocrates na Galen, mabingwa wa Wayunani ambao kazi zao zilikuwa zimeshatafsiriwa kwa Kiarabu. Alivisoma peke yake, akavirudia na kuviandikia maelezo.

Ndugu msomaji, hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu gazeti hili ni la Waislamu. Kuwatazamia watu nyota na kuwatabiria si chumo la halali, na Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kuwaendea watabiri. Ibn Ridwan aliiamini elimu hiyo ya nyota, kama wasomi wengi wa zama zake, na aliona hata kuingia kwake katika utabibu kulioneshwa na nyota ya kuzaliwa kwake. Hilo hatumfuati. Ninalitaja kwa sababu shida ya ada humsukuma mtu mahali pabaya, jana na leo. Wapo wenzetu hapa chuoni walioingia kwenye kamari za mpira kwa matumaini ya kulipa ada ya muhula, na tunajua walivyotoka. Shida yake tuichukulie kuwa yetu. Njia ya kuitatua tuchague iliyo safi.

Hata hivyo, kutazama anga kuliacha faida moja ambayo wanasayansi wanaishukuru mpaka leo. Mwaka 1006, Ali akiwa mwanzoni mwa masomo yake, ilionekana angani nyota ngeni yenye mwanga wa ajabu. Baadaye, katika sherehe yake ya kitabu cha Ptolemy, aliandika kwamba ukubwa wake ulionekana kama mara mbili na nusu hadi tatu ya Zuhura, na mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Alitaja pia mahali ilipokuwa katika mbingu. Wanajimu wa leo wanajua kwamba ilikuwa nyota iliyolipuka, nao hurejea maelezo yake kwa sababu ya uangalifu wake.

Sasa tuhesabu. Alianza utabibu akiwa na miaka kumi na nne. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na miaka thelathini na miwili ndipo jina lake lilipojulikana kwa utabibu, na kuanzia hapo kazi hiyo ikamtosha na kumbakishia akiba ya uzeeni. Hiyo ni miaka kumi na nane ya kuungaunga. Hiyo miaka kumi na nane ndiyo iliyonifanya nifunge daftari na kumpigia simu mdogo wangu, lakini subirini, maisha yake hayakuishia hapo.

Alipanda mpaka akawa mkuu wa matabibu wote wa Misri. Akapata nyumba, heshima na wanafunzi. Aliandika pia ratiba ya siku zake: kazi ya kutibu kwa kiasi cha kumtosha kuwa mazoezi ya mwili, kisha mapumziko na chakula, kisha kusoma na kutafakari. Alijitahidi kuwa na nguo safi, kauli ya staha, siri za wagonjwa zisitoke, na kilichozidi katika mapato yake kitumike katika mambo ya kheri. Katika sifa alizomwekea tabibu aliweka hii: hamu yake ya kumponya mgonjwa iwe kubwa kuliko hamu ya malipo, na awe na bidii zaidi ya kuwatibu maskini kuliko matajiri. Naamini mtu aliyewahi kukosa ada huliandika jambo kama hilo akiwa na maana nalo.

Alieleza vilevile namna ya kumpima mtu. Umtazame rangi na viungo. Umwite kutoka mbali ujue anavyosikia. Umwoneshe vitu vya karibu na vya mbali ujue anavyoona. Umwachie anyanyue uzito, ashike kwa nguvu, atembee kwenda na kurudi. Kisha umlaze chali, ushike mapigo yake, umuulize maswali. Mdogo wangu aliniambia kwamba hata leo afisa tabibu katika kituo cha afya cha kijijini, kisicho na mashine, huanzia mambo ya namna hiyohiyo.

Kitabu chake ninachokipenda zaidi kinahusu maradhi ya ardhi ya Misri na namna ya kujikinga nayo. Tabibu mmoja wa Kairouan, Ibn al-Jazzar, alikuwa ameandika juu ya hali ya hewa ya Misri, naye Ali hakuridhika, akaandika kwa kile alichokiona mitaani. Alieleza Fustat yenye vichochoro vyembamba na majumba marefu yanayozuia upepo, moshi wa tanuri za hamamu, na watu wanaotupa mizoga ya paka na mbwa njiani na kumwaga uchafu katika mto uleule wanaokunywa maji yake. Mtu aliyelelewa hamamuni kwa mabwana asingeyaona hayo kwa karibu hivyo. Mtoto wa mwoka mikate aliyapita kila siku akienda kutafuta riziki.

Lakini njia yake ilikuwa na gharama, na historia haikuificha. Mwaka 1049 alifika Fustat tabibu Mkristo kutoka Baghdad, Ibn Butlan, aliyesoma kwa walimu wakubwa. Wakabishana. Ugomvi ulianzia kwenye swali dogo, kama kifaranga cha kuku kina asili ya joto zaidi kuliko kinda la ndege, ukaishia kwenye matusi ya maandishi. Ibn Butlan alimcheka sura yake na kumbandika jina la mamba wa majini. Ali naye alijibu kwa ukali, kwani kwa ukali wa ulimi hakuwa na mpinzani, na aliwashambulia hata mabingwa waliomtangulia.

Ndani ya ugomvi huo mlikuwa na swali la maana: je, elimu ipatikane kwa mwalimu au kwa vitabu? Ibn Butlan alitoa hoja zake. Kitabu kina makosa ya mwandishi na nukta zilizokosekana, na msomaji peke yake hawezi kuyagundua. Ukikwama katika neno, kitabu hakikubadilishii, ilhali mwalimu atakueleza kwa neno jingine. Ali alishikilia kwamba vitabu vya mabingwa wa kwanza vikisomwa kwa bidii vinatosha, kuliko walimu wa zama zake waliofundisha kwa mihtasari bila kuielewa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na mimi nampa kila mmoja haki yake. Kuhusu mihtasari, Ali alisema kweli. Sisi tunaofaulu mitihani kwa kusoma karatasi za mwaka jana tunajua tumeelewa kiasi gani. Kuhusu mwalimu, nadhani haki ilikuwa kwa Ibn Butlan. Ali aliyakosa malezi ya mwalimu, na kiburi chake kilikuwa kiburi cha mtu ambaye hakuwahi kusahihishwa uso kwa uso. Hata sisi katika elimu ya dini tunaonywa juu ya mtu ambaye sheikh wake ni kitabu chake.

Mwisho wake ni wa huzuni. Njaa kali ilipoipiga Misri alimchukua msichana yatima akamlea nyumbani kwake. Ibn Abi Usaybi'a anasimulia kwamba siku moja msichana huyo alichukua dhahabu na vitu vya thamani, jumla yake kama dinari 20,000, akatoweka, na kwamba Ali akavurugikiwa na akili baada ya hapo. Akiba ya maisha yote iliondoka kwa siku moja. Kwa riwaya mashuhuri alifariki mwaka 1061. Elimu yake lakini haikuibwa. Katika karne ya 12, huko Toledo, Gerard wa Cremona aliitafsiri kwa Kilatini sherehe yake ya kitabu kidogo cha Galen, ikasomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne kadhaa. Hivyo kijana aliyekosa ada akawafundisha wanafunzi wa nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga.

Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia mambo matatu.

La kwanza, nenda. Tukapiga hesabu pamoja. Ana miaka kumi na tisa. Stashahada miaka mitatu, kazi ya afisa tabibu miaka minne huku akiweka akiba, kisha shahada miaka mitano kwa kupitia nafasi chache ambazo baadhi ya vyuo vikuu huwatengea wenye stashahada, au kwa mkopo wa serikali ambao wanafunzi wa sayansi hapa Uganda wamekuwa wakiuomba tangu 2014, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Atakuwa na miaka thelathini na miwili. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, kwa sababu nilikuwa nimeshamweleza umri wa Ibn Ridwan. Nikamwambia pia kwamba nafasi hizo hugombewa na wengi, na huenda asiipate mara ya kwanza. Lakini mgonjwa atakayemtibu katika miaka ile minne hatakuwa nusu mgonjwa, na yeye hatakuwa amekaa bure.

La pili, njia ya bei nafuu isiwe njia ya mkato. Kabla baba hajalipa hata shilingi moja, auhakikishe usajili wa chuo kwenye baraza linalowasajili maafisa tabibu, kwa sababu kipo chuo kilichowachukulia majirani zetu ada ya miaka miwili na cheti chao hakikukubaliwa popote. Na akifika huko, ashikamane na walimu. Aulize, asahihishwe, asione aibu.

La tatu, chumo liwe la halali hata likiwa dogo. Ashone nguo na baba wakati wa likizo, afundishe hesabu watoto wa mtaani.

Amesharipoti chuoni. Juzi alinitumia picha akiwa amevaa koti jeupe ambalo baba alilishona mwenyewe, mikono imezidi urefu kidogo.

Tumwombe Allah amrehemu Ali ibn Ridwan, amsamehe makosa yake, na awafungulie milango wote wanaotafuta elimu yenye manufaa huku mifuko ikiwa mitupu. Amin.

Wabillahi tawfiq.