Apolo Kivebulaya, Mganda aliyepanda Kanisa la Boga

Tukiuliza Kanisa la Anglikana lilianzia wapi katika Kongo yetu, hatutaelekezwa Léopoldville wala Albertville, kama mji wetu wa Kalemie ulivyoitwa zamani. Tutaelekezwa Boga, kijiji cha Ituri karibu na mto Semliki. Na aliyelijenga kanisa hilo hakuwa mzungu, ingawa jina lake linaweza kutudanganya.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa sababu alikuwa pacha. Alisoma kwanza dini ya Kiislamu, kisha akasikia mahubiri ya Alexander Mackay, mmisionari wa CMS. Alikuwa pia askari katika msafara wa Lugard uliokwenda Toro mwaka 1891. Akabatizwa mwaka 1895 na kuchukua jina la Apolo. Kivebulaya lilikuwa jina la utani tu: alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake, na watu wakamwita kitu kinachotoka Ulaya.

Mwaka huohuo alitumwa Toro kuwa mwalimu. Walimu wawili wa kwanza waliovuka Semliki kwenda Boga walinyimwa chakula na chifu Tabaro mpaka wakarudi. Apolo akajitolea kwenda mahali pao, mwishoni mwa 1896. Alijua njaa inamngoja, kwa hiyo akabeba jembe. Mhubiri anayejilimia mwenyewe ni vigumu kumfukuza kwa njaa.

Katika mahubiri mengi Tabaro amefanywa kuwa Farao wa habari hii. Sisi tunadhani alikuwa na sababu zake. Boga ilikuwa pembeni mwa Toro, na dini hii mpya ilitoka kwenye mji wa mfalme Kasagama, aliyekuwa amepatana na Waingereza. Mwalimu alitaka watu waache hirizi, pombe na wake wengi. Chifu gani asingejiuliza kama nyuma ya kitabu hakuna utawala wa wengine unaokuja? Hofu hiyo haihalalishi alichofanya baadaye, lakini tukiiacha hatutaelewa ugumu wa kazi ile.

Mwaka 1898 mwanamke wa jamaa ya Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa katika nyasi, akafa. Apolo akashitakiwa kuwa ndiye chanzo cha kifo hicho, akapelekwa Toro amefungwa. Katika mateso hayo, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Kristo akimtia moyo. Alipoachiliwa angeweza kubaki salama Toro. Akarudi Boga. Kuna wakati alipigwa vibaya sana akaachwa porini kama maiti, na mwanamke mmoja akamtunza mpaka akapona. Mwishowe Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Mchumba wake alifariki kabla ya arusi, na hakuoa tena. Alitumika miaka mingi Toro. Kwa muda huo wazungu walichora mpaka, na Boga ikawa ya Wabelgiji. Kondoo wakabaki ng'ambo. Kuanzia karibu 1915 alirudi kuishi nao, Mganda katika nchi isiyokuwa tena chini ya serikali ya kwao.

Karibu mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, aliingia msituni kwa Wambuti. Majirani waliwaona Wambuti kama watu wa kutumia tu, wa kuleta nyama na kwenda zao. Apolo alikaa nao, akajifunza lugha yao, akashughulikia kutafsiri Injili ya Marko ndani yake, akawabatiza. Sisi wa Tanganyika, ambako Watwa na Waluba wamemwagiana damu na wakimbizi wa vita hiyo wamelala kandokando ya Kalemie, hatuwezi kusoma sehemu hii haraka. Katika mikutano yetu, Mtwa anakaa benchi gani? Nani amewahi kujifunza kuomba katika lugha yake?

Alipokaribia kufa aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu Injili ilikuwa bado haijafika huko. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933.

Kwa miaka mingi baada yake Waanglikana wa Kongo hawakuenda mbali na Boga, kwa maana misioni zilikuwa zimegawana nchi. Baada ya uhuru, watu wa Boga waliohamia mijini walianzisha makanisa huko. Dayosisi ya Boga-Zaire iliundwa mwaka 1972, na provinsi mwaka 1992, chini ya askofu mkuu Patrice Njojo.